Nchi nne kwa siku kumi na sita, na mtoto mmoja abaki nyumbani?

Tantine, jambo sana.

Mimi ni mama wa miaka 38, tunakaa Kampemba, hapa Lubumbashi. Mwezi wa kwanza mume wangu alipata décompte yake, malipo ya kumaliza kazi, baada ya miaka kumi na tisa ya kazi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu kuna pesa ambazo hakuna mdai anayezisubiri mlangoni. Tumelipa minerval, ada ya shule ya watoto, tumemaliza ukuta wa lopango, kiwanja chetu, na amenunua jeep ya viti saba. Usukani uko kushoto.

Sasa anataka vakansi ya mwezi wa nane tuifanye kwa barabara. Amechora njia kwenye daftari la mtoto: kutoka hapa mpaka Livingstone, tuvuke Zimbabwe, tuingie Botswana kuona tembo, kisha Namibia mpaka baharini Swakopmund, turudi kwa Katima Mulilo. Nchi nne, siku kumi na sita. Watu wa kanisani ameshawaambia. Nikienda soko ananiuliza hata muuza sombe tunaondoka lini.

Sikatai safari, Tantine. Bahari sijawahi kuiona. Ila kuna mambo yananikosesha usingizi.

La kwanza ni kwamba hajawahi kuendesha gari nje ya Congo, na kule wanapita kushoto. La pili ni mama mkwe. Ana miaka 71, ana tansiyo (presha ya damu), na amesema hatabaki. La tatu ndilo linaloniuma. Tuna watoto wawili, na pamoja nao ninalea mtoto wa marehemu dada yangu. Yuko nasi tangu ana miaka miwili, sasa ana tisa, ananiita mama. Hana karatasi yoyote, dada alimzalia kijijini na hakuandikishwa. Baba yake yuko Kolwezi, anapiga simu wakati wa Noeli. Mume wangu alipoambiwa kila mtoto lazima awe na paspoti yake, akasema, bila ubaya wowote, "Huyo tutamwacha kwa shangazi yako." Mtoto alikuwa nje anaosha sahani. Alisikia. Tangu siku hiyo haulizi habari za safari, na wenzake wakifungua daftari la ramani yeye anatoka.

Nikijaribu kusema, mume wangu ananijibu kwamba naharibu ndoto ya baba yake. Baba mkwe alifanya kazi ya reli maisha yake yote. Alikuwa akimwambia kwamba treni iliyozaa mji huu ilipita juu ya daraja la maporomoko ya Victoria. Yeye mwenyewe alikufa hajalifikia.

Tuko mwezi wa tano. Nifanye nini?

Mama wa Watatu, Kampemba

*

Mama wa Watatu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale penye sahani. Nitaanza hapo. Ramani itangoja.

Umejiandika mwenyewe mama wa watatu, na jeep ina viti saba. Ninyi wawili, bibi, watoto watatu: mko sita. Nafasi ipo, kinachokosekana ni karatasi, na karatasi hutafutwa. Hapa kwetu mtoto huandikishwa ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Zikipita, bureau ya état civil, inayoandikisha vizazi, haiwezi kumwandika hivi hivi, inahitaji kwanza uamuzi wa tribunal pour enfants, mahakama ya watoto, ule tunaouita jugement supplétif. Ukiupata, ndipo commune inatoa acte de naissance, cheti cha kuzaliwa, na kwa acte hiyo unaomba paspoti. Kwa hiyo nenda tribunal wiki hii, usingoje ijayo. Chukua cheti cha kifo cha dada yako, na mtu mzima wa familia anayejua mtoto alizaliwa wapi na lini. Ukiwa hapo hapo muulize karani kuhusu tutelle, ulezi wa kisheria, kwa sababu mnamlea miaka saba na hamna hata mstari mmoja unaosema hivyo. Leo ni mpaka wa Zambia, kesho itakuwa hospitali au mtihani wa serikali.

Baba wa Kolwezi naye yuko hai, na simu ya Noeli haitoshi. Anahitajika kuandika autorisation parentale, ruhusa ya mzazi, aitie sahihi, ithibitishwe na ofisi ya serikali, pamoja na kopi ya kitambulisho chake. Mtumie mtu anayemheshimu, asiende wa kumlaumu. Mwambie anaombwa jambo moja ambalo mtoto atalikumbuka kwa wema.

Na mume wako aseme na mtoto yeye mwenyewe. Si wewe umfikishie. Aliyesikika akisema "tutamwacha" ndiye asikike akisema "tunatafuta karatasi yako." Asimwahidi safari, amwahidi kutafuta. Mtoto wa miaka tisa anajua tofauti.

Na kama mwezi wa saba utakwisha paspoti haijatoka? Hapo mimi nasema mipaka yote ingoje mwaka kesho, na jeep ielekee hifadhi ya Kundelungu, hapa hapa Congo, ambako maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300 na hayaulizi mtu paspoti. Najua mume wako hatafurahi. Lakini picha ya Livingstone yenye watoto wawili itatundikwa sebuleni kwenu, na yule wa tatu atapita chini yake kila siku akienda kuosha sahani.

Sasa tuje kwenye daftari. Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90. Kutoka hapo kwa Chingola, Kitwe, Ndola na Kapiri Mposhi hadi Lusaka ni zaidi ya 400. Lusaka hadi Livingstone karibu 480. Livingstone hadi Swakopmund, kwa Katima Mulilo na Windhoek, ni zaidi ya 1,600 nyingine. Kwenda na kurudi haipungui kilomita 5,000, kabla hujahesabu kwenda kuona tembo. Dereva mmoja, mgeni wa barabara hizo, mwenye mama mzee na watoto nyuma, akifanya kilomita 500 kwa siku amejitahidi sana. Hizo ni siku kumi za kukaa kwenye kiti kati ya kumi na sita.

Ongeza mipaka, maana hiyo ndiyo wasafiri wengi wanaisahau. Kwa njia aliyoichora mtavuka mara sita: kuingia Zambia, Zimbabwe, Botswana, Namibia, kurudi Zambia, kurudi nyumbani. Kila mpaka una dirisha la kutoka na dirisha la kuingia, kwa hiyo ni madirisha kumi na mawili ya paspoti sita, na kando yake madirisha ya forodha kwa ajili ya gari. Zambia mtaingia mara mbili, basi kama mtahitaji viza, ya kuingia mara moja haitawafaa, na ada za gari la kigeni, kama ile ya kaboni na ile ya barabara, huenda zikahesabiwa upya. Mafuta nayo: gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100 litameza lita 600. Chukua bei ya pompi ya siku hiyo uzidishe mbele ya mume wako, kwa utulivu, bila sauti ya ushindi.

Lakini usianze na hesabu. Mwanaume anayebeba ndoto ya baba yake ukimwonyesha hesabu anaona unalihesabu kaburi. Anza na daraja. Siku moja baada ya kula bukari (ugali), watoto wamelala, mama mkwe hayupo, mwombe akusimulie tena yale ya treni. Na uyasikilize, maana ni ya kweli. Daraja la Victoria Falls lilifunguliwa mwaka 1905, na reli ile ile iliyotoka kusini ikaendelea kupanda hadi ikafika hapa, Élisabethville ya wakati ule, mwaka 1910. Mji wetu ulikuwa mchanga kabisa. Mashine za kuyeyusha shaba na vyuma vya kujengea vilipita juu ya maji yale. Mzee hakuwa akisimulia hadithi za kulaza watoto.

Kisha muulize swali moja tu: katika sehemu zote za daftari, ni ipi ambayo tusipoifika utalia? Nadhani hatasema Swakopmund. Ile bahari ameiongeza kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi. Akisema daraja, mmepata safari yenu. Nchi moja, Zambia, mpaka mmoja, kama kilomita 2,000 kwenda na kurudi, na siku kumi na mbili zinatosha kwa raha. Na hili mwambie polepole alifurahie: kusimama juu ya daraja si lazima kuingia Zimbabwe. Upande wa Zambia, ofisi ya uhamiaji huwapa watalii kikaratasi cha kwenda darajani na kurudi kwa miguu. Atasimama juu ya mto, mita 128 juu ya maji, na reli ya baba yake iko pale pale kando yake. Mama mkwe naye atakuwepo, mjane wa mtu wa reli. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini amekataa kubaki.

Mwezi wa nane ni wakati mzuri kwa maporomoko. Mwezi wa nne maji hujaa hadi ukungu wake unakuficha kila kitu, na mwezi wa kumi na wa kumi na moja upande wa Zambia huwa karibu mwamba mtupu. Mwezi wa nane maji yapo na macho yanaona. Tembo wa kuwaonyesha watoto mtawapata hapo hapo, katika hifadhi ya Mosi-oa-Tunya, yenye twiga na vifaru pia. Kama mtaona mna nguvu, Kazungula, mpakani na Botswana, iko kama kilomita 70, na lile daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2021, lenye mita 923, mnaweza kwenda kulitazama na kurudi kulala Livingstone. Mkitaka kulivuka kwenda Botswana, viza iwe imeshaulizwa na kujibiwa kabla hamjatoka Lubumbashi.

Barabarani sasa. Wewe unaogopa kupita kushoto. Kushoto kwenyewe mtu huzoea kabla hajafika Chingola. Hatari iko kwenye kulipita kamyo (lori). Usukani wa jeep yenu uko kushoto, na barabara inapita kushoto, kwa hiyo dereva anakaa upande wa majani na haoni mbele ya kamyo mpaka gari zima limeshatoka nje. Anayeona ni wewe, kiti cha kulia. Mimi na marehemu mume wangu safari yetu ya kwanza, kati ya Ndola na Kapiri, tulikuwa nyuma ya kamyo la shaba. Akaniuliza, "Iko?" Nikajibu, "Iko!" Nilimaanisha basi iko, inakuja. Yeye alisikia nafasi iko. Alitoka, tukaiona taa ya basi, akarudi nyuma ya kamyo kwa kipimo ambacho mpaka leo nikikikumbuka mikono inalowa. Tulisimama kando, hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Kuanzia hapo tulikuwa na maneno mawili tu ndani ya gari, "bado" na "pita", na nisiposema kitu maana yake ni bado. Yafanyeni mazoezi hapa hapa, kwenye barabara ya Likasi, kabla ya mwezi wa nane. Na mumeo akisikia "bado" mara kumi asikasirike. Kazi yake ni kuendesha, yako ni kuona.

Usiku msiendeshe hata kilomita tano. Jua linazama kama saa kumi na mbili, na baada ya hapo kuna makamyo yaliyoharibika bila taa, baiskeli za makala, ng'ombe. Kati ya Lusaka na Ndola, kilomita 327 zilianza mwaka 2023 kujengwa upya ziwe njia mbili kila upande, kwa hiyo msitegemee mwendo wa haraka sehemu hiyo. Siku ya kwanza ondokeni alfajiri, vukeni Kasumbalesa, mlale Kitwe au Ndola tu. Mtasema ni karibu mno. Mpaka utakuwa umewachosha kuliko kilomita mia nne.

Hapo mpakani vijana watakuja dirishani kabla gari halijasimama, kila mmoja anataka kukusaidia. Wengine wanajua kazi yao. Lakini paspoti zote sita zikae kwenye mkoba wako na mkoba ukae begani mwako, na kila malipo yawe na risiti. Mara moja nilimpa kijana mmoja paspoti yangu "dakika mbili", nikaizunguka kwa masaa matatu.

Kuna kadi mbili za manjano, na watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, kila mtu awe nayo, hata bibi na watoto. Tangu mwaka 2016 chanjo moja inahesabika ya maisha yote, kwa hiyo aliyechanjwa asikubali kuambiwa imeisha. Nyingine ni ya bima ya gari, ile ya COMESA, umoja wa kibiashara wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, unaitoa kwa mwenye bima yako hapa na inatambulika Zambia na Zimbabwe. Botswana na Namibia hazimo, sababu nyingine ya kuziachia mwaka mwingine. Carte rose, kadi ya usajili wa gari, iwe na jina la mume wako, si la aliyemuuzia, na hilo lishughulikiwe mwezi huu. Permi ya kuendesha iwe ya kimataifa au iwe na tafsiri, maana polisi wa Mazabuka hana sababu ya kusoma Kifaransa. Triangle mbili, kizima moto, na vibandiko vinavyong'aa, vyeupe mbele na vyekundu nyuma. Viwekwe hapa, si kuvinunua mpakani kwa bei ya mpakani.

Mama mkwe umemweka kwenye orodha ya shida. Nakuelewa, ila angalia tena. Kuna Kibemba kinywani mwake? Wazee wengi wa hapa wanacho. Kuanzia Chingola mpaka Kapiri Kibemba ndicho kitakachowanunulia nyanya, kitakachowaonyesha njia, kitakachomlainisha askari aliyeamka vibaya. Mkae naye kwa daktari wa tansiyo kabla ya safari, achukue dawa za siku zote na nyongeza ya wiki, zibaki kwenye maboksi yake pamoja na ordonansi, karatasi ya daktari. Hili ni zito: Zambia ni wakali sana kwa dawa. Sirapu ya kikohozi yenye kodeini, na hata dawa za mafua zenye difenihidramini ambazo hapa tunanunua bila swali, zinaweza kukufikisha kituoni. Pekua mkoba wake mwenyewe, kwa heshima, mkiwa wawili. Na kila saa mbili gari lisimame, ashuke, atembee.

Wale wa kanisani walioambiwa nchi nne, waambiwe moja. Wataongea Jumapili mbili. Kuhusu bahari yako, sikuisahau. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 2,000 kwa Nakonde na Mbeya, ni safari ya peke yake, na mkishajua mwezi wa nane huu jinsi mnavyosafiri pamoja, mtajua kama mnaiweza. Mwandikie mumeo kwenye daftari lile lile, ukurasa wa pili, kwa mkono wako.

Kwanza nenda tribunal. Acte ya mtoto ikitoka niandikie siku hiyo hiyo, usingoje mrudi.

Tantine